Kabla hujafunga AC tatu hapo Iyumbu, soma yaliyonikuta Nkuhungu

Mkuu umesema una nyumba ya vyumba vitatu Iyumbu hapa Dodoma, bati jeusi, madirisha ya aluminiamu ya kuslaidi, saa kumi jioni ndani hapakaliki, unataka kufunga AC tatu ila unaiogopa LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Wengi wamekujibu funga AC za inveta, zile zinazopunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka, maisha yaende. Naomba nikujibu kwa urefu maana nimepita humo humo, na imenigharimu hela pamoja na usingizi wa mtoto.

Nilihamia Dodoma 2018 nikitokea Dar, nikajenga Nkuhungu. Bati nikachagua rangi ya mkaa kwa sababu linapendeza, silingi ya gipsamu, na vyumba viwili vya kulala nikavielekeza magharibi ili tuone vilima jioni. Fundi akaniuliza aache matundu ya hewa juu ya madirisha na kwenye zile kuta za pembetatu za miisho ya paa, nikamwambia ziba yote, sitaki vumbi wala mbu. Akaziba.

Oktoba ya kwanza ndo nikaiona kazi. Saa nne usiku naenda kumwangalia binti yangu, mto umelowa jasho, nikaweka kiganja ukutani pembeni ya kitanda, asee ukuta ulikuwa wa moto kama birika la chai lililokaa nusu saa baada ya kuepuliwa. Nje baraza lina kaubaridi kabisa kale ketu ka Dodoma, ndani joto. Ule ukuta ulikuwa unapigwa jua tangu saa nane mchana mpaka linazama, tofali na plasta vinalinyonya lile joto taratibu, afu usiku vinalitema chumbani wakati ndo mnalala.

Nikafanya hicho unachotaka kufanya wewe, nikafunga AC ya BTU 12,000. Inakula kama kilowati 1 ikiwa inavuta, inapumzika inarudi, kwa usiku mzima ikawa inaondoka na uniti kama 6. Kwa mwezi ni 180, na mimi nilikuwa nanunua kwa 357 uniti moja, yaani 64,000 na ushee kwa chumba kimoja tu. Zidisha mara tatu. Na kama ulikuwa kwenye ile tarifu ya bei nafuu ya watumiaji wadogo, mwisho uniti 75 kwa mwezi, hapo umeshaiaga.

Ila hela siyo iliyoniuma zaidi. Baridi ilikuja kweli lakini binti akawa anaamka kichwa kinauma, mimi koo kavu, mama yake anasema amelala masaa nane na bado amechoka. Mdogo wangu anafunga viyoyozi, siku moja akaja na kamita ka kupima kaboni daioksaidi, tukakaacha mezani usiku tumelala watatu, mlango na dirisha vimefungwa ili baridi isitoke. Nje kanasoma 420 hivi, yaani sehemu 420 za gesi hiyo katika sehemu milioni za hewa. Alfajiri chumbani kilisoma 2,700. Kuna daktari wa Ujerumani, Max von Pettenkofer, tangu 1858 alishaandika kwamba chumba kikipita 1,000 hewa yake imechakaa, na mpaka leo mafundi wa hewa wanaitumia hiyo namba. Gesi yenyewe kwa kiwango hicho haikuui, ila inakuonyesha mnavuta pumzi mlizokwisha kuzitoa. AC hizi za split, zenye kipande ndani na kipande nje, haziingizi hewa mpya mkuu, zinachukua ile ile iliyopo ndani zinaipoza zinairudisha. Hilo nililijua nikiwa nimeshalipa.

Basi nikaanza upya, na ningekuwa wewe ningeanzia juu. Dodoma tuko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, jua linapita karibu na utosi mwaka mzima kwa hiyo paa ndo linalopigwa kuliko ukuta wowote, na bati jeusi linakunywa joto lote hilo linalishusha kwenye gipsamu. Kubadilisha bati sikuwa na uwezo, nikamleta fundi apande darini atandike foili ya kung'aa chini ya kenchi, kukiwa na nafasi ya hewa kati yake na bati, hiyo nafasi usikubali aifute maana foili inazuia joto pale tu uso wake unaong'aa unapotazamana na hewa. Yale matundu ya pembetatu niliyoyaziba nikayafungua pande zote mbili, nikaweka wavu wa chuma popo wasiingie. Kabla ya hapo kipimajoto changu cha ukutani sebuleni kilikuwa kinasoma 36 saa kumi jioni, Oktoba iliyofuata siku ya jua lile lile kikawa 32. Wewe kama hujamaliza kupaua, badilisha tu rangi, chukua nyeupe au ya maziwa, hautalipa hata mia zaidi.

Ukuta wa magharibi ni ngumu zaidi. Madirisha ya kaskazini na kusini ukitoa paa nje sentimita 70 hivi yanapata kivuli bila shida sababu jua liko juu, ila la jioni linakuja chini chini linapita chini ya paa lote. Pale nilijenga kibaraza cha miti nikapandisha mpasheni, na mita nne mbele mwarobaini miwili. Mpasheni ulifunika ndani ya mwaka. Ule ukuta saivi saa nne usiku ukiushika ni wa kawaida kabisa.

Madirisha nayo, ya kuslaidi hata ukifungua yote unapata nusu tu ya uwazi, nusu nyingine kioo kimesimama juu ya kioo. Vyumba vya kulala nikaweka ya kufunguka kama mlango, na juu ya milango nikatoboa matundu ili upepo ukiingia upande mmoja uwe na pa kutokea. Vumbi ni kweli, Agosti na Septemba ule upepo wa mashariki hauna huruma, kwa hiyo mchana tunafunga upande huo, jioni saa tatu ukitulia tunafungua kila kitu na nyavu zipo, asubuhi saa tatu tunafunga tena na mapazia. Wagogo walishaijua hiyo siku nyingi, tembe, nyumba yao ya asili, lina ukuta mnene wa udongo na udongo juu ya paa, matundu madogo, mchana ndani pamepoa. Shida yake ilikuwa moshi wa kupikia ndani.

Na hapo kwenye moshi nakuomba sana. Juni na Julai huku kunakuwa na baridi, wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani wakafunga dirisha. Usithubutu, hata kama mkaa umeshawaka hauna moshi, gesi yake ya sumu, monoksidi ya kaboni, haina harufu na watu wanalala hawaamki.

Pangaboi weka kila chumba, inakula wati 70 tu hivi, usiku mzima haifiki uniti moja. Zile feni za maji kwetu zinafanya kazi vizuri mpaka Novemba kwa sababu hewa ni kavu, ila acha dirisha wazi kidogo, na mvua zikianza Desemba hazikusaidii kitu. Pia angalia mgao wa maji mtaani kwako kabla hujainunua.

AC nunua moja, inveta, weka chumba cha mama yako kwa kuwa umesema ana presha. Iweke 26, na dirisha liache wazi upana wa vidole viwili. Mwambie na fundi ahakikishe bomba la maji yake halimwagiki ukutani, langu lilimwagika miezi mitatu plasta ikaota ukungu nyuma ya kabati ndo tukajua.