Kuhusu sarafu za kopo la babu

Ndugu, umeuliza kama uzioshe sarafu za nchi mbalimbali ulizozikuta kwenye kopo la marehemu babu yako, na uanzie wapi kuzipanga. Tafadhali usizioshe. Ndimu, majivu au dawa ya kung'arishia vyombo huondoa utando ambao shaba na fedha hujijengea kwa miaka mingi, na wakusanyaji wakiona sarafu iliyosuguliwa hushusha bei papo hapo. Zishike kwa ukingo tu, mikono ikiwa mikavu.

Zigawe kwanza kwa nchi, kisha kwa thamani na mwaka, na kila moja uiandikie daftarini pamoja na alama ya kiwanda kilichoipiga. Alama hiyo si jambo dogo: katika sarafu za Afrika Mashariki ya Kijerumani, zilizotuachia neno "hela", herufi A ni Berlin, J ni Hamburg, na T ni Tabora, ambako zilipigwa mwaka 1916 wakati wa vita. Mwaka nao una mitego yake, kwani pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar yenye 1299 inafuata Hijria, ilhali riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye sura ya malkia huyo wa Austria, huonyesha 1780 hata kama ilipigwa karne ya 20.

Epuka mifuko laini ya plastiki ya PVC, ambayo huacha ute wa kijani unaokula metali. Bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi zinatosha, na kama unaishi pwani, ongeza vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu.