Utumbo mwembamba kwenye slaidi: anza na lenzi ndogo

Anayeanza akipewa slaidi ya darubini, mkono hukimbilia lenzi ya 40, yaani inayokuza mara 40. Usifanye hivyo. Utumbo mwembamba hutambulika kwa umbo kabla ya seli zake, na umbo huonekana vizuri kwa lenzi ya 4. Tafuta uwazi wa ndani, uone kama kuna vijidole vinavyochomoza kuelekea humo. Chini ya vijidole pawe na vishimo vya Lieberkühn, yaani tezi ndogo zilizozama kwenye utando wa ndani. Utumbo mpana una vishimo, lakini hauna vijidole.

Shida ni kwamba tishu haikatwi wima kila mara. Utaona vijiduara vimetapakaa, na hapo wengi hupotea. Jiulize swali moja: katikati ya duara kuna nini? Kukiwa na tishu unganishi yenye kapilari, na seli za epitheli (zile zinazofunika uso wa utando) zimejipanga kwa nje, hicho ni kijidole kilichokatwa kukingama. Seli zikizunguka kitundu, na tishu unganishi ikabaki nje, hicho ni kishimo. Swali hili hufaa kuliko orodha ndefu ya kukariri. Mikunjo mikubwa nayo isikuzuge: mkunjo una submukosa (tabaka lililo chini ya utando wa ndani) ndani yake na vijidole vingi juu yake, ilhali kijidole hakina submukosa kabisa.

Sasa panda lenzi. Seli za ute huonekana kama matundu meupe katika rangi ya hematoksilini na eosini, kwa sababu ute haushiki rangi hizo vizuri. Kwenye sakafu ya vishimo tafuta seli za Paneth, zenye chembechembe nyekundu upande wa kitundu. Lakini usitoe jibu kwa Paneth peke yake, maana hupatikana pia mwanzoni mwa utumbo mpana.

Ukiulizwa ni sehemu gani ya utumbo mwembamba, shuka kwenye submukosa. Ikijaa tezi za Brunner, zenye rangi hafifu, ni duodeni, sehemu ya kwanza, usihangaike zaidi. Ileamu, sehemu ya mwisho, ina mabaka ya Peyer, yaani makundi makubwa ya limfositi (aina ya seli nyeupe za damu) yenye rangi ya zambarau, pamoja na seli za ute nyingi zaidi. Ila kifundo kimoja cha limfositi hakitoshi, kwani vifundo hivyo hutokea popote kwenye njia ya chakula. Mabaka nayo hukaa upande ulio mkabala na mesenteri (utando unaoshikilia utumbo), hivyo kipande cha ileamu kinaweza kukosa baka. Jejunamu, sehemu ya kati, kusema kweli, hutambuliwa zaidi kwa kile isichokuwa nacho, pamoja na mikunjo yake mirefu.

Mtego wanaoupenda watahini ni mfuko wa nyongo. Mikunjo yake hufanana sana na vijidole. Tafuta seli za ute: kwa kawaida hazipo. Kisha tafuta utepe mwembamba wa msuli ambao utumbo huwa nao chini ya utando wa ndani, pamoja na submukosa. Navyo havipo.