Mkuu usitume hiyo hela ya chumba kwanza

Mkuu simama hapohapo, hela imeshatoka au bado? Maana unauliza laptop gani ununue kwa ajili ya riwaya yako, programu gani, halafu katikati unachomekea kwamba umepata chumba "kimya kabisa" Tabata na dalali anataka kodi ya miezi sita leoleo kabla ya jioni kwa sababu kuna mteja mwingine. Huyo mteja mwingine mie namjua toka 2019, hajawahi kuhamia popote.

Mie yalinikuta Sinza. Home watoto, TV, shemeji kaja kusalimia akageuka mpangaji wa kochi, nikasema hapa riwaya haitoki. Na kwenye grupu la WhatsApp kulikuwa na jamaa anajiita mwalimu wa uandishi, tunamlipa ada kabisa, kila somo anaimba mwandishi siriasi lazima awe na ofisi yake. Huyohuyo ndo alitusimulia Ngũgĩ wa Thiong'o alivyoandika riwaya kwenye karatasi za chooni akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978. Sasa Ngũgĩ ofisi yake ilikuwa wapi pale? Hakuna aliyeuliza, tulikuwa bize kutuma emoji za moto.

Basi dalali akanipeleka Jumapili asubuhi. Narudia, JUMAPILI. Chumba cha uani, dirisha kubwa, upepo safi, unasikia kuku tu anaparua. Nikatoa miezi sita, nikatoa na mwezi mmoja wa dalali, hela ya kuonyeshwa ilishaliwa zamani, nikanunua na meza. Jumatatu saa mbili nimefungua laptop, nimeandika "Sura ya Kwanza", ukuta ukaanza kutetemeka. Nyuma ya ukuta kuna fundi mageti! Grainda inakata chuma, ikinyamaza wanagonga nyundo, nyundo ikinyamaza wanafungulia singeli maana nao binadamu wanapumzika, na ile harufu ya chuma kilichoungua inapita dirisha lilelile la upepo safi. Hapo hujagusa umeme. Luku ya pamoja, mama wa chumba cha mbele ana friji la kugandisha barafu za kuuza, uniti zikiisha mchana kila mtu ananiangalia mie mwenye laptop, eti ndo mla umeme. Nikavaa iafoni nikajikaza. Mhusika wangu alianza ni mwalimu wa Lindi, kufika sura ya pili anachomelea mageti, sijui hata aliingiaje huko.

Nikamfuata mwenye nyumba anirudishie hata nusu, akasema hela ilishakuwa bati. Dalali hapokei simu ila stetasi anaweka, "uaminifu ni mtaji". Sawa bosi.

Kwa hiyo sikia: USILIPIE SEHEMU AMBAYO HUJAANDIKIA SIKU YA KAZI. Mwambie dalali unakuja Jumanne na daftari lako, unakaa humo toka asubuhi mpaka wanafunzi watoke shule, mpe hata elfu kumi ya usumbufu. Na uandike kweli, sio unakaa unachati. Zunguka nyuma ya ukuta kwa miguu yako uone kuna nini, uliza Luku unashea na nani na nani ana friji. Kama wewe ni mtu wa kuandika usiku basi nenda usiku, baa mchana zinakuwaga kimya kama maktaba. Dalali akikataa ujue kuna kelele ya saa mbili asubuhi hataki uisikie.

Mie siku hizi nakaa Maktaba Kuu pale Bibi Titi, ipo toka 1967 na haijawahi kunidai miezi sita.

Ya laptop wadau watakuja kukujibu, mie hiyo niliyonayo inakaa na chaji basi. Wewe nijibu kwanza, ulienda kukiona hicho chumba siku gani?