Maswali Yenu: Tovuti ya tiketi inakwama Idd ikikaribia

SWALI: Natunza tovuti ya tiketi za basi za Mombasa kwenda Nairobi, Malindi na Lamu. Siku za kawaida haina tabu. Idd ikikaribia, au shule zikifungwa, kurasa hazifunguki. Tumeongeza kumbukumbu ya seva kutoka GB 4 hadi 16, hali ni ile ile, na CPU haipiti asilimia 15. Malipo ni kwa M-Pesa, hifadhidata ni PostgreSQL. Tununue seva ya pili? – Msomaji, Kongowea

JIBU: Bado. CPU asilimia 15 huku wateja wamekwama maana yake seva haijalemewa, inasubiri. Wakati wa msongamano angalia pg_stat_activity, orodha ya PostgreSQL inayoonyesha kila muunganisho unafanya nini. Ukikuta mistari mingi ina hali ya "idle in transaction" (muamala wa hifadhidata umefunguliwa, haufanyi kitu wala haujafungwa), umeshampata mchawi.

Yamkini programu yenu inafungua muamala wa hifadhidata, inashika kiti, inatuma ombi la M-Pesa, kisha inamngoja mteja aweke PIN ndipo iachilie muunganisho wa hifadhidata. Mteja naye simu iko kwa mtoto, anacheza gemu. Zikipita sekunde 30 kwa kila mmoja na mna miunganisho 20, mtauza tiketi 40 kwa dakika, basi, hata mkileta seva ya GB 64. Mtu wa 21 atangoja hata kama alitaka kuona nauli tu.

Ivunjeni kazi hiyo. Andikeni kiti kuwa "kinasubiri malipo" kwa dakika 5, fungeni muamala, ndipo mtume ombi. Ukurasa wa mteja uulize hali kila sekunde 3. Majibu ya malipo yakifika, yahifadhini na mjibu M-Pesa papo hapo. Tiketi na SMS ziachieni foleni ya kazi zinazofanywa pembeni. Majibu hayo huweza kuja mara mbili au yasije kabisa. Kwa hiyo hifadhidata ikatae CheckoutRequestID (namba ambayo M-Pesa hulipa kila ombi la malipo) iliyokwisha kuandikwa, na dakika ikipita kimya, programu iulize yenyewe hali ya malipo. Vilevile hifadhidata ikatae kiti kimoja kuuzwa mara mbili kwa safari moja. Atakayelipa baada ya zile dakika 5 arudishiwe pesa au apewe kiti kingine? Amueni sasa, maana atatokea.

Baada ya hapo seva ya pili ina maana, mradi sesheni (kumbukumbu za nani ameingia) zihamie Redis, hifadhi ya pamoja ambayo seva zote huisoma. Zikibaki kwenye diski ya seva moja, mteja akiangukia ya pili ataambiwa aingie upya. Hesabuni na miunganisho: PostgreSQL huja na kikomo cha 100, na 3 kati yake ni za msimamizi. Seva 5 zenye miunganisho 20 kila moja zimeshapita kikomo. Wekeni PgBouncer, programu inayogawana miunganisho michache kwa wateja wengi, katikati kabla ya kugusa kikomo chenyewe.

Msitegemee CPU kuwaambia lini muongeze seva. Kwenu imeshaonyesha haisemi kitu. Pimeni muda wa kujibu na urefu wa foleni. Tena seva mpya huchukua dakika kadhaa kuwa tayari, na mwezi ukiandama watu hawakungojei. Ziwasheni tangu 27 Ramadhani.

SWALI: Nitajaribuje bila kutoza watu pesa? – Msomaji, Likoni

JIBU: Tumia k6, programu ya kuigiza wateja wengi kwa pamoja, dhidi ya nakala ya tovuti, na mahali pa M-Pesa weka programu ya kuigiza inayochelewa sekunde 30 kabla ya kujibu. Ikijibu papo hapo, jaribio litapita na tatizo halitaonekana.