Kroshia: gauni la mtoto na joto la Lamu

Maswali ya kroshia mliyoniletea mara hii karibu yote ni ya magauni ya watoto wachanga, kwa kuwa wengi wanajitayarisha kwa akika na arobaini. Nimechukua yanayowafaa wengi. Anayetaka kujua namna ya kushika sindano amwendee jirani anayefuma, akae naye barazani mpaka mkono uzoee.

Nimenunua uzi wa akriliki, laini sana, nimfumie mjukuu atakayezaliwa mwezi wa pili. Nitumie sindano ya ngapi? (Bibi mtarajiwa, Langoni)

Bibi yangu, kwa uzi wa unene wa kati ni milimita 4. Lakini nakuomba uzi huo uuweke kando. Mwezi wa pili ni kaskazi, msimu wa joto, na Lamu ya kaskazi unaijua kuliko mimi. Akriliki ni jamii ya plastiki, hainywi jasho. Mtoto mchanga hawezi kusema kwamba ameungua na joto. Utaona harara shingoni na kwapani, usiku atalia, na watu wataanza kuulizana ni jicho la nani lililompata, kumbe ni gauni.

Nunua pamba tupu, nyembamba, na sindano ya milimita 3 au 3.5. Soma lebo mwenyewe, maana muuzaji atakwambia kila uzi laini ni pamba. Kwa gauni la mtoto wa miezi 6, gramu 150 hadi 200 za pamba kwa kawaida hutosha. Zinunue zote siku moja na uhakikishe namba ya rangi kwenye lebo ni ile ile, kwa sababu uzi ukikuishia katikati ya sketi na Mombasa ndiko unakoagizia, weupe wa pili hautakuwa weupe wa kwanza. Sufu nayo usiifikirie: huwasha, na ikifuliwa kwa maji moto husinyaa isirudi tena. Akriliki yako ifumie blanketi la ndugu walioko bara kwenye baridi.

Na kofia za kufuma ndani ya nyumba, wakati wa joto, mvueni mtoto. Kichwani ndiko anakopunguzia joto.

Mtoto ana miezi 3. Nianze na cheni (vitanzi vya safu ya kwanza) ngapi? (Shela)

Swali hili haliishi, na kila likija haliji na unene wa uzi, wala sindano, wala kipimo cha mtoto. Sasa nijibu nini? Miezi si kipimo. Kuna wa miezi 3 anayevaa nguo za miezi 6, na kuna wa miezi 6 ambaye bado yumo kwenye nguo zake za mwanzo. Fundi wa kofia za vito hapa kwetu hagusi kitambaa kabla hajajua kichwa cha mwenyewe, na huyo anashonea mtu mzima anayeweza kusema kofia inabana.

Fuma kwanza kipande cha majaribio, kwa uzi ule ule na sindano ile ile, kiasi cha sentimita 12 kila upande. Kifue, kikauke, kisha uweke rula katikati na uhesabu mafundo yaliyomo ndani ya sentimita 10. Tuseme umepata 20, yaani 2 kwa kila sentimita. Mzungushe mtoto utepe kifuani, chini ya kwapa. Akiwa na sentimita 42, ongeza 5 za kupumulia zifike 47, zidisha kwa 2: mafundo 94 kifuani. Hapo ndipo unarudi nyuma kupanga cheni za shingo, na mafundo ya kuongezea upana mabegani. Anayefuma kwa kukaza atapata 24 pale mwenzake alipopata 20, na gauni lake litakuwa dogo ijapokuwa wamefuata hesabu moja.

Pima na kichwa pia. Mtoto anayezaliwa leo ana kichwa cha kama sentimita 35, na shingo ya gauni lake haifiki hapo. Usipoacha mpasuko begani, mama atalazimisha gauni lipite, na mtoto atalichukia kila akiliona.

Nimefuata maelekezo ya Kimarekani neno kwa neno, gauni limetoka fupi na gumu. Kosa liko wapi? (Mokowe)

Kwenye dabo. Singo, dabo na trebo ni majina ya mafundo, kwa urefu wake. Sisi wengi tumefundishwa kwa majina ya Kiingereza cha Uingereza, na dabo ya Uingereza ndiyo singo ya Marekani. Dabo ya Marekani ni trebo yetu, ambayo ni ndefu zaidi. Umefuma fundo fupi mahali palipotakiwa refu. Kabla hujaanza, pitia maelekezo yote: ukiona neno singo, mwandishi anatumia ya Marekani, kwa kuwa Waingereza hawanalo hilo.

Nataka kupitisha utepe shingoni ufungwe fundo la kipepeo, na shanga kidogo kifuani. Itapendeza? (Mama wa wawili, Mkomani)

Itapendeza, na usifanye.

Utepe wa shingoni hunasa kwenye kitanda, kwenye mkono wa mtoto mwenyewe, na hukaza. Shanga hung'oka, na kila kinachong'oka kwa mtoto huenda mdomoni. Ukitaka utepe, uweke kiunoni, upite katika safu ya trebo, kisha uushone usitoke. Vifungo viwe bapa, uvishone begani na kipande cha kitambaa nyuma yake. Mgongoni visiwekwe, kwa kuwa mtoto anatakiwa kulazwa chali na vitamchoma usiku kucha. Vile vya chuma vya kubana viache: hewa yetu ya chumvi huviingiza kutu na doa lake halitoki.

Hata mapambo ya matundu makubwa yapunguzeni kifuani na mikononi. Kidole cha mtoto huingia tunduni kikanasa. Na mkifuma soksi au glavu, zigeuzeni ndani nje na mkate kila uzi unaoning'inia, maana uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mguu huzuia damu. Mtoto akilia bila sababu mnayoiona, mvueni soksi mtazame vidole kimoja kimoja. Haya nayarudia kila mara na nitayarudia, kwa sababu bado naletewa picha za magauni yaliyojaa kamba, na aliyevikwa hawezi kuivua.

Mteja anataka gauni, kofia na soksi kwa siku 2, na bei anayotaja ni ya gauni la dukani. Nimjibuje? (Matondoni)

Mkatalie. Gauni la dukani limepita kwenye mashine, kroshia hufumwa kwa mkono fundo baada ya fundo. Mhesabie uzi na saa zako mbele yake. Anayeondoka, aondoke.

Nyekundu na nyeupe pamoja, rangi itachuja? (Faza)

Lowesha kipande cha uzi mwekundu kwenye maji ya vuguvugu, ukifunge ndani ya kitambaa cheupe mpaka asubuhi. Utajibiwa.

Gauni la pamba lilikuwa la magotini, baada ya kufuliwa limefika miguuni. Uzi mbaya? (Langoni)

Uzi hauna kosa, umelianika kwenye kamba. Pamba iliyofumwa ikilowa huwa nzito na hujivuta kwa uzito wake. Lifue kwa mkono, likunje ndani ya taulo ulikamue kwa kulibonyeza bila kulisokota, kisha ulitandaze kivulini juu ya mkeka, ukilirudisha kwenye umbo kwa viganja. Kama maji ya kisima chako yana chumvi, suuza ya mwisho iwe kwa maji matamu, la sivyo pamba itakauka ngumu na kumkwaruza mtoto shingoni. Hilo lililokwisha kurefuka lilowesha tena, ulisukume lirudi ukubwa wake kabla hujalitandaza. Mara nyingi hurudi.