Meditesheni ya kazini na ile ya siku kumi: nimekaa zote mbili

Mkuu, umeuliza kama hii meditesheni (kukaa kimya na kuangalia mwili na akili) wanayofundishwa wafanyakazi huku Marekani ni Ubudha wenyewe au ni biashara tu. Mimi nimekaa hiyo ya kazini na ile ya Kibudha ya siku kumi, zote hapa Massachusetts, nikueleze nilivyoona.

Mgongo ndio ulionipeleka. Miaka sita ya kuinua wazee vitandani, vidonge vimegoma, nikaandikishwa kozi ya wiki nane, ile ile wanayofundishwa wafanyakazi. Aliyeianzisha ni Jon Kabat-Zinn, mwaka 1979, kwenye chuo cha udaktari kule Worcester, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Yeye alisoma kwa walimu wa Kibudha, ila darasani jina la Budha hulisikii. Siku ya kwanza tuligawiwa zabibu kavu, moja moja. Itazame, inuse, iweke ulimini, usitafune kwanza. Nilijikaza nisicheke. Lakini baada ya wiki chache nikawa naujua mgongo unapoanza kukaza, kabla haujaniangusha.

Baadaye nikaenda siku kumi za vipassana, meditesheni ya Kibudha ya kuangalia hisia za mwili, kwa utaratibu wa mwalimu S. N. Goenka. Hiyo ni jando kabisa. Simu unakabidhi, huongei, kengele saa kumi alfajiri, mlo wa mwisho saa tano asubuhi. Kabla ya yote unaahidi: huui, huibi, husemi uongo, hufanyi ngono, hulewi. Ile kozi ya mgongo haikuniuliza habari za maisha yangu. Kuanzia siku ya nne unakaa saa nzima bila kujitingisha. Mguu wangu wa kushoto ulikufa ganzi mpaka nikaushika kwa mkono kuhakikisha upo. Goenka mwenyewe alifariki 2013, unafundishwa na sauti yake iliyorekodiwa. Ada hakuna, ukimaliza unachangia ukipenda. Ya wiki nane ilinitoa mamia ya dola.

Ila msiwasingizie Wazungu kila kitu. Waingereza walipomng'oa mfalme wa Burma (Myanmar ya leo) mwaka 1885, dini ya Kibudha ilibaki bila mlezi, na watawa kama Ledi Sayadaw wakawafundisha raia wa kawaida meditesheni, ambayo zamani ilikuwa zaidi ya watawa. U Ba Khin, mwalimu wa Goenka, alikuwa mhasibu mkuu wa serikali na alifundisha watumishi wake palepale ofisini Rangoon. Kwa hiyo meditesheni ya kazini si uvumbuzi wa Marekani.

Siku hizi nakaa nusu saa ndani ya gari kabla ya zamu. Ukienda zile siku kumi, beba mto wako wa kukalia. Ya pale mizuri inawahiwa.