Barua kwa mwanangu: Amani aanze na gemu ya kati

Mwanangu Rehema,

Salamu kutoka Buruburu. Sote hatujambo, na goti la babako limepoa. Unasema mwanao Amani, sasa akiwa na miaka 12, hataki tena kucheza magemu tu, anataka kuyatengeneza. Unauliza aanze wapi, na kama umlipie lile darasa la kuprogramu la Jumamosi huko Westlands linalodai ada ya muhula mzima kabla mtoto hajagusa kompyuta.

Usilipe kwanza. Pesa hiyo itie kwenye laptopu. Mimi nimeandika programu za sacco karibu maisha yangu yote ya kazi, na sijaona mtu aliyejifunza kuprogramu kwa kumtazama mwalimu. Zile laptopu za mitumba kutoka Uingereza zinazouzwa mjini, Moi Avenue na vichochoro vya karibu, zinamtosha. RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta, ya GB 4 atafanya kazi, 8 atashukuru zaidi. Ukiwa dukani chomoa chaja uone betri inashuka vipi, fungua ukurasa wa kuandika na ubonyeze kila kitufe, hata vile vya pembeni. Muuzaji akikuharakisha, nenda duka la pili.

Aanzie Scratch, programu ya kuwafundisha watoto kuprogramu. Ilitengenezwa MIT kule Marekani, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2007, na ni ya bure kabisa. Mtoto haandiki msimbo, yaani maagizo kwa kompyuta, herufi kwa herufi. Anaburuta vipande vya rangi na kuvipanga: hiki kikitokea, fanya hivi, rudia. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake. Ukishaipakua, inafanya kazi bila intaneti, kwa hivyo bando lako litabaki salama.

Najua atakwambia anataka kutengeneza kitu kama yale anayocheza kwa kibanda cha PlayStation. Mweleze kwa upole kwamba yale makubwa hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka kadhaa. Yeye aanze na mchezo anaoujua kwa miguu yake mwenyewe: kati. Ulikuwa ukiucheza hapa nje mpaka giza linaingia, wawili wanarusha mpira, mmoja yuko katikati anakwepa. Kwenye Scratch mpira utoke kulia, kisha kushoto, na Amani aruke. Akiguswa, ametoka.

Huko kuruka ndiko kutakakomfundisha. Aweke nambari ambayo programu itaikumbuka, aiite kasi. Akibonyeza kitufe, kasi inakuwa 12. Kila raundi ya kurudia, mhusika anapanda kwa kiasi cha kasi, halafu kasi inapungua kwa 1: anapanda 12, kisha 11, kisha 10, mpaka 1. Hapo amefika juu, hatua 78 kutoka chini. Kasi inapita sifuri na kuwa -1, -2, -3, mhusika anaanza kushuka, anazidi kushuka haraka, na ikifika -12 amekanyaga palepale alipotoka. Yote hayo hayamalizi hata sekunde moja, na kwenye skrini inaonekana kabisa kama mtu mwenye uzito anaruka. Akiweka 30 badala ya 12, hesabu inafika 465, na mtu wake atatokomea karibu wote juu ya skrini, kwa sababu skrini ya Scratch ina kimo cha 360 tu. Mwache aivuruge hivyo. Uliniambia nambari hasi zinamtoa machozi. Kwenye kati atazihitaji mwenyewe, na mtoto hujifunza upesi kile anachokihitaji.

Sasa nisikilize vizuri. Kuanza gemu ni rahisi na kila mtoto huanza kumi. Amani aimalize hii moja. Iwe na pa kuanzia, iwe na alama, mchezaji akishindwa ajue ameshindwa, na aweze kuanza upya bila kuzima kompyuta. Kisha amwite mtoto wa jirani acheze, naye akae pembeni bila kusema neno. Mtoto yule akibonyeza kitufe kisicho, au akauliza "sasa nafanya nini?", Amani aandike kwenye daftari, maana hapo ndipo pa kurekebisha. Kazi hii haina raha ya mwanzo, inachosha, na ndiyo inayomtenganisha mtengenezaji wa gemu na mtu mwenye mafaili nusunusu. Ningependa awe na kati iliyokamilika, hata ikiwa mbaya kwa sura, kuliko nusu ya gemu ya vita. Picha achore mwenyewe, si anachora vizuri? Na sauti arekodi kwa simu yako.

Akimaliza mbili tatu hivi, ndipo ahamie Godot, programu ya kutengeneza magemu. Nayo ni ya bure. Waliianzisha Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na tangu 2014 msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Haina uzito wa Unity, programu nyingine ya kazi hiyo, ambayo ingeisumbua hiyo laptopu ya mtumba, na lugha yake, GDScript, inafanana na Python, lugha ya kuprogramu inayotumika sana. Hapo ataandika kwa vidole, na kosa la nukta pacha moja litamsimamisha nusu saa. Usimtafutie wewe. Msomeshe kusoma ujumbe wa kosa polepole, mstari uliotajwa kwanza. Ujumbe wenyewe ni wa Kiingereza, kwa hivyo Kiingereza chake asikitupe.

Baba Amani, unasema, anaogopa hii ni njia ya kukwepa masomo. Mwambie mkwe wangu kwamba KICD yenyewe, taasisi ya mitaala ya Kenya, iliidhinisha mtaala wa kuprogramu mwaka 2022. Na kama anadhani haya ni mambo ya Wazungu, kuna Mkenya, Wesley Kirinya, aliyetoa gemu ya The Adventures of Nyangi mwaka 2007, kisha akaungana na Mghana Eyram Tawia wakaanzisha kampuni ya magemu, Leti Arts. Sitamdanganya kwamba kuna utajiri. Wengi wa kazi hii hula kwa kuandika programu za benki na maduka, na gemu huziandika usiku. Lakini kuprogramu kule ni kulekule.

Wekeni saa: baada ya kazi ya shule, na wikendi asubuhi. Simu ikae mbali wakati huo. Likizo ya Agosti mlete huku na laptopu, daftari, na kati yake ikiwa imekwisha. Ikiwa haijaisha, tutaimalizia hapa sebuleni kabla ya kufungua Godot.

Mamako